Mfongo Mmoja, Mashamba Mawili



Liko swali moja ambalo watu waliulizana tangu kale, nao huulizana hata leo, barazani na jikoni, sokoni na njiani: Kwa nini vitu havitutoshi? Nchi ni kubwa, mvua hunyesha, mikono ya watu ni mingi; mbona basi mwaka haupiti pasipo mtu kusema, “Sina,” au, “Hapatoshi”? Mmoja hujibu ya kuwa ni uvivu. Wa pili hujibu ya kuwa ni uchoyo wa wenye navyo. Wa tatu hutikisa kichwa na kusema, “Ni laana tu, ndivyo dunia ilivyo.” Kila jibu lina punje ya kweli, walakini hakuna hata moja lililofika kwenye shina. Kwa hiyo nataka tulitazame neno hili pamoja, polepole, kwa msaada wa kitu ambacho wengi wenu mmekiona kwa macho, nacho ni mfongo wa maji katika mlima wa Kilimanjaro.

I. Mfongo na zamu yake

Mifongo si kazi ya jana. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliofika Uchagani katika karne ya 19 waliikuta, wakastaajabu. Maji hushikwa juu, katika korongo la mto, kwa mawe na magogo na udongo. Kisha huongozwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, hata yatokee juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo mto wenyewe usingefika kamwe. Watu waliopima njia ile hawakuwa na chombo cha kupimia ila jicho lao na maji yenyewe. Walichimba kidogo, wakaacha maji yapite. Yakisimama walijua ya kuwa wamekosa, yakikimbia mno na kula udongo walijua vilevile ya kuwa wamekosa.

Tena mfongo haukuwa mtaro tu, ulikuwa na sheria zake. Ukoo uliouchimba ndio uliokuwa na neno la kwanza. Wengine waliotaka maji waliomba, wakaleta pombe ya mbege, wakaingia katika kazi. Wazee wa mfongo waligawa zamu, huyu asubuhi, yule alasiri. Siku ya kuzoa tope au ya kutengeneza kinywa cha mfongo kilichobomolewa na mafuriko, watu waliitwa, na asiyetoka alitozwa faini. Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902 akakaa miaka mingi kati ya Wachaga, aliandika habari nyingi za desturi kama hizi, kwa kuwa aliona ya kuwa watu wale hawakufungamana kwa damu peke yake, bali hata kwa maji.

Sasa tufikiri majirani wawili. Ni mwezi wa Februari, masika bado. Mmoja ana migomba iliyoinamisha majani yake. Mwenziwe ana ulezi unaoanza kutoa masuke. Maji yaliyomo katika mfongo asubuhi hii ni yale yale. Ukiyafungulia migomba, ulezi utangoja. Ukiyafungulia ulezi, migomba itangoja. Labda utasema, “Yagawanywe nusu kwa nusu.” Walakini kila mkulima wa mfongo ajua ya kuwa maji yakigawanywa mno hunywewa na udongo njiani, wala hayafiki kwa yeyote. Basi hapana budi mmoja apate leo, na mwingine angoje hata kesho.

Katika habari hii hakuna mvivu wala mchoyo wala aliyelaaniwa. Wote wawili wamelima vema, na haja zao zote mbili ni za haki. Hata hivyo maji hayatoshi kwa saa ile. Huo ndio uhaba, nao ndio tunaotaka kuuelewa.

II. Uhaba na umaskini si kitu kimoja

Watu wengi huchanganya maneno haya mawili. Umaskini ni kukosa kile kinachompasa mtu ili aishi kama mtu. Uhaba ni neno jingine: ni kuwa na kitu kinachotakiwa kwa kazi nyingi, nacho hakiwezi kuzitenda zote pamoja. Maskini anao uhaba, ni kweli, lakini tajiri naye anao. Mwenye malori kumi na mwenye baiskeli moja, wote wawili siku yao ina saa 24, na aliyekwenda Arusha leo hakuwa Tanga leo. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka, nao hawakumsema maskini peke yake.

Tena uhaba haumo ndani ya kitu chenyewe. Maji yale yale yanayogombewa Februari, mwezi wa Aprili huwa adui: hubomoa kingo, huzamisha maharagwe, na kila mtu ataka yapite kwa jirani. Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni kipimo kati ya maji na haja ya watu.

Adam Smith, mwenye hekima wa Uskoti, aliliona jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1776, likamtatiza. Maji, alisema, yafaa kuliko karibu vitu vyote, nayo hayauzwi kwa kitu. Almasi haifai karibu kwa lo lote, nayo huuzwa kwa mali nyingi. Sisi nasi twaweza kuuliza vivyo hivyo, maana katika nchi yetu almasi zilipatikana Mwadui, mkoa wa Shinyanga, mwaka 1940, na watu wa huko hawajasikia bado mtu aliyekata kiu kwa almasi. Jibu lilikawia karibu miaka mia. Mwaka 1871 Carl Menger wa Austria na William Stanley Jevons wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walionyesha ya kuwa hakuna mtu anayechagua kati ya maji yote ya dunia na almasi zote za dunia. Mtu huchagua debe moja zaidi. Mwenye madebe mia, debe la mia na moja halimhangaishi. Mwenye debe moja, lile moja ni uhai wake. Thamani hupimwa kwa haja ambayo ingekosa kutimizwa kama debe lile lisingekuwapo.

Mwaka 1932 Lionel Robbins, mwalimu wa uchumi mjini London, alikusanya maneno haya kuwa machache. Alisema ya kuwa kazi ya elimu ya uchumi ni kutazama jinsi watu wanavyotenda wakiwa na makusudi mengi, na njia chache za kuyatimiza, nazo njia hizo zaweza kutumiwa huku au huku. Ondoa moja la hayo matatu, na uhaba umeondoka. Kama majirani wetu wangalikuwa na haja moja tu, au mfongo usio na mwisho, au maji yasiyofaa kwa kazi nyingine, wasingalikuwa na neno la kuamua.

Kwa hiyo bei ya kweli ya kitu si shilingi tu zilizotoka mfukoni. Bei yake ni lile jambo jema kuliko yote uliyoyaacha ili ukipate. Tuite gharama ya lililoachwa. Mkulima wa kahawa aijua sana, hata kama hakulisikia jina lake. Mwezi wa Julai mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyoweka kiasi cha kahawa kinachouzwa duniani yalivunjika, bei ikaanguka. Wakulima wengi wakatazama mibuni yao, wakajiuliza: Ning’oe nipande nyanya au ndizi? Au niiache mpaka bei ipande? Anayeng’oa hulipa kwa kahawa ya miaka ijayo, maana mche mpya hungojewa yapata miaka mitatu kabla ya kuzaa. Asiyeng’oa hulipa kwa nyanya alizokosa kuuza, labda na kwa karo ya mtoto iliyokosekana. Hapana njia isiyo na malipo. Mwenye kusema, “Mimi sikupoteza kitu, maana sikutenda kitu,” yeye naye amelipa, ila hakuhesabu.

III. Vitu vinavyozaa mali

Wenye elimu wa zamani walihesabu vitu vitatu vinavyozaa mali: ardhi, kazi, na rasilmali. Wa baadaye, kama Alfred Marshall wa Uingereza mwaka 1890, waliongeza cha nne, yaani utaratibu unaoviunganisha hivyo vitatu. Twende kihambani tuvione.

Kwanza ni ardhi. Mtu akisimama katika kihamba cha Uchagani huona migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake, magimbi na viazi vikuu kandokando, na ng’ombe zizini ambaye samadi yake hurudi shinani mwa mgomba. Huenda akasema, “Mungu amewabariki watu hawa kwa udongo mwema.” Ni kweli, lakini si udongo tu. Ule weusi wa udongo umetiwa humo na vizazi vingi vya wanawake waliochukua majani ya ng’ombe kichwani kutoka tambarare mpaka mlimani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ardhi tuliyorithi ni nusu zawadi na nusu kazi ya wafu.

Pili ni kazi, nayo sihitaji kuisema sana, maana mikono yenu yaijua. Neno moja tu nataka kuongeza: kazi ni kitu haba kuliko watu wanavyodhani. Mahali pengi watu husema, “Hapa kazi ni bure, wanawake watachota maji.” Si bure. Saa mbili alizotumia mama njiani na ndoo ni saa mbili zilizotoka katika shamba, au katika usingizi, au katika kumsikiliza mtoto akisoma. Kwa kuwa hakuna aliyemlipa, hakuna aliyehesabu. Lakini kisichohesabiwa si kwamba hakikulipwa.

Tatu ni rasilmali. Watu husikia neno hili wakafikiri fedha za benki. Rasilmali ni kazi ya jana inayofanya kazi leo. Jembe ni rasilmali, na mfongo ni rasilmali. Kule Upare kuna mfano mzuri kuliko yote, nao ni ndiva. Usiku watu wamelala, na maji ya kijito hupita bure. Wapare wakajenga bwawa dogo kando ya mfongo. Usiku maji hujaa ndani yake, asubuhi hufunguliwa kwa nguvu, yakafika mashamba ambayo kijito chembamba kisingefika. Hawakuumba hata tone moja jipya. Waliyachukua maji ya saa ambayo hayakutakiwa, wakayapeleka kwenye saa yanayotakiwa. Ndiyo maana ya akiba.

Lakini rasilmali ina tabia ya kuchakaa. Tope huingia ndivani kila siku, na panya na kaa hutoboa kingo. Anayevuna maji miaka kumi asizoe tope, mwaka wa kumi na moja ataona maji ya nusu, naye atasema ya kuwa dunia imebadilika. Kumbe alikuwa akila rasilmali akidhani ala mazao. Hata mlima wenyewe watufundisha hivyo. Kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kibo ilipungua kwa sehemu 85 katika 100, na watu wengi walihofu ya kuwa mito itakauka kwa sababu hiyo. Barafu ni ishara inayoonekana mbali. Walakini maji ya mito yetu hutoka zaidi katika mvua na ukungu unaoshikwa na msitu, ule mshipi wa miti ulio chini ya barafu. Msitu ndio ndiva kubwa ya mlima. Anayeukata kwa kuni au kuuchoma kwa asali hutoboa ndiva ya watu asiowajua.

Nne ni utaratibu, nami napenda kuuita mapatano. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa kutokana na kazi hiyo chama cha ushirika cha KNCU. Gunia moja la mkulima mmoja halikuwa na nguvu mbele ya mnunuzi. Magunia ya maelfu yaliyopimwa pamoja yalikuwa na nguvu. Kahawa ilikuwa ile ile, na ardhi ile ile. Kilichoongezwa ni mapatano, nayo yakazaa mali kama jembe lizaavyo. Mmarekani Elinor Ostrom alichunguza watu wa nchi nyingi wanaotumia pamoja maji, misitu na malisho, akaandika kitabu mwaka 1990, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya Nobeli ya uchumi. Alionyesha ya kuwa watu wa kawaida waweza kutunza mali ya pamoja kwa miaka mingi, wakiwa na mipaka inayojulikana, sheria walizozitunga wenyewe, waangalizi wao wenyewe, na adhabu ndogo zinazokua kwa kadiri ya kosa. Wazee wa mfongo hawakusoma kitabu hicho; walikuwa wakikitenda.

IV. Anayelipa naye hayupo

Sasa tumefika penye neno gumu. Kama uhaba ni kuchagua, na kila kuchagua kuna gharama ya lililoachwa, basi hapana budi tuulize: Gharama hiyo hulipwa na nani? Kama mimi nachagua na mimi nalipa, jambo ni la busara tu. Nikikosa nitajuta, nami nitajifunza. Lakini kama mimi nachagua na mwingine analipa, jambo si la busara tu tena. Limekuwa jambo la haki.

Tuyafuate maji yashukapo. Chini ya mji wa Moshi, upande wa Chekereni, serikali ikisaidiwa na Japani ilijenga mradi mkubwa wa kumwagilia mpunga, uliokamilika mwaka 1987, nao ulitumia maji ya mto Rau na ya Njoro. Mpunga ukastawi. Majirani walio juu ya mradi wakaona jinsi unavyolipa, nao wakajifunza, wakapanda, wakafungua maji kabla hayajafika mradini. Haukupita muda mrefu, sehemu ya mashamba ya mradi ikabaki kavu. Je, wale wa juu walikuwa wezi? Waliona kazi njema, wakaiga. Tena mto ulipita kwao kwanza. Je, wale wa chini walionewa? Waliahidiwa maji, nao walitoa jasho lao kwa kutegemea ahadi hiyo.

Shuka zaidi. Kikuletwa na Ruvu huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Humo watu huvua samaki. Kutoka humo mto Pangani hushuka kwenda Bahari ya Hindi, na njiani maji hugeuza mitambo ya umeme huko Hale na katika maporomoko ya Pangani, ambako mtambo mpya wa megawati 68 ulianza kazi mwaka 1995. Tone lililonywewa na mgomba mlimani halikugeuza mtambo. Tone lililogeuza mtambo halikunywesha mgomba. Mwenye migomba hamjui muuguzi wa mjini ambaye taa yake huzimika usiku, wala muuguzi hamjui mwenye migomba. Kila mmoja kwa mwenziwe ni mtu asiyekuwapo.

Tena yuko asiyekuwapo aliye karibu zaidi, ndani ya boma lile lile. Kwa desturi ya Wachaga, kifungua mimba na kitinda mimba ndio waliotazamiwa kwanza katika urithi, na kitinda mimba alibaki katika nyumba ya baba. Zamani wa katikati walipata mahali pengine, maana pori lilikuwapo. Lakini mkoa wa Kilimanjaro, pamoja na Upare, ulikuwa na watu zaidi ya 650,000 mwaka 1967, na mwaka 2022 walihesabiwa zaidi ya 1,860,000. Mlima haukuongezeka hata pima moja. Desturi iliyokuwa haki wakati wa pori, wakati wa uhaba imekuwa mzigo juu ya bega la mtoto wa katikati. Na binti, ambaye mara nyingi hakuhesabiwa kabisa, mzigo wake ulikuwapo tangu mwanzo. Hata katika mambo ya mfongo, wanawake hawakuketi katika baraza la wenye maji, ijapokuwa wao ndio waliojua kuliko wote maji yamepungua siku gani.

Wako wanaosema, “Acheni bei iamue. Anayelipa zaidi ndiye anayeyahitaji zaidi.” Neno hili lisidharauliwe. Bei humkumbusha mtu ya kuwa kitu kina gharama, na penye bei watu hawaachi maji yamwagike barabarani. Lakini shilingi elfu moja ya mwenye duka na shilingi elfu moja ya mjane hazina uzito mmoja. Bei hupima haja ya mtu na mfuko wake pamoja, wala haituambii kipi kilichosema.

Wengine husema, “Wote wapate sawasawa.” Hili nalo ni neno jema, lakini tumekwisha kuona ya kuwa maji yaliyogawanywa mno hunywewa na njia. Tena aliyezoa tope na aliyelala nyumbani wakipata sawasawa, mwaka wa tatu hakutakuwa na wa kuzoa tope, na wote watapata sawasawa ya hakuna.

Wazee wa mfongo hawakufuata njia hizi moja moja. Walikuwa na zamu, ambayo ni usawa wa wakati. Walikuwa na kazi, ambayo ni malipo ya kila mtu kwa nguvu zake. Tena walisikiliza shida: mwenye msiba au mgonjwa nyumbani aweza kuomba zamu ya mwenziwe, naye airudishe baadaye. Sisemi ya kuwa walikuwa wakamilifu. Nimekwisha kuwataja wanawake. Lakini walijua neno moja kubwa, ya kuwa haki ya maji huamuliwa mahali ambapo anayepata na anayekosa hutazamana usoni.

V. Anayetoa fedha badala ya jembe

Hapo ndipo lilipo shaka langu la leo, nami naliweka mbele yenu kwa kuwa nami limenigusa. Katika vijiji vingi siku ya mfongo ikiitwa, huonekana wazee na wachache wengine. Vijana wako mjini. Wengi hawakatai, hutuma fedha za faini kwa simu, na mara nyingine hutuma kabla ya siku yenyewe, kama mtu anayelipa kodi. Nami nimewahi kutuma hivyo, nikajiona nimetenda haki yangu.

Je, ni kosa? Tuhesabu kwa haki. Kijana aliye kazini Dar es Salaam akiacha kazi siku mbili aje kuzoa tope la nusu siku, gharama ya lililoachwa ni kubwa kuliko tope lenyewe. Fedha zake zaweza kumwajiri mtu mwenye nguvu, tope litatoka, na yule mtu atapata chakula. Kwa hesabu ya kazi, hakuna aliyepunjwa. Anayemwita mvivu amemwonea.

Walakini hesabu haijaisha. Siku ya mfongo ilizaa vitu viwili, nasi tulikuwa tukihesabu kimoja. Ilitoa tope, tena iliwapandisha watu wote mpaka kinywa cha mfongo, wakaona maji ni kiasi gani mwaka huu, wakaona nani amefungua tundu lisilo lake, wakasikia wa chini wakieleza mashamba yao yalivyokauka. Fedha zilinunua kile cha kwanza; cha pili hazikukinunua. Nimesema ya kuwa mapatano ni kitu cha nne kizaacho mali, na ya kuwa kila rasilmali huchakaa isipotengenezwa. Mapatano hutengenezwa kwa watu kuonana. Mfongo ambao wote wamelipia na hakuna anayeujua utakauka siku ya kwanza ya ugomvi, ijapokuwa hauna tope hata kidogo, maana hakutakuwa na mtu ambaye neno lake lasikiwa na pande zote mbili.

Kwa hiyo sisemi fedha zikataliwe. Nasema zisihesabiwe kuwa malipo yote. Kila mwaka, mwezi wa Desemba, mabasi hujaa watu wanaorudi mlimani. Watu hula, hunywa, husalimu makaburi ya wazee, hujenga na kupaka nyumba rangi. Katika siku hizo zote, itengwe siku moja, watu wote wapande mpaka kinywa cha mfongo: mwenye jembe na jembe lake, asiyeweza kulima na macho yake, mtoto wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, mabinti na mama zao pia, nao wasimame barazani wala si nyuma ya baraza. Na mmoja ashuke mpaka mwisho wa mfongo, kwenye shamba la mwisho kabisa, aulize: “Ninyi hapa maji yaliwafikia mara ngapi?” Jibu hilo ndilo hesabu ya kweli ya mwaka.

Basi, tulianza kwa kuuliza kama uhaba ni laana. Mimi naona si laana, wala si baraka. Ni hali ya viumbe wenye haja nyingi na siku moja. Mahali ambapo vitu ni tele, hakuna anayehitaji kuwa mwenye haki, kwa kuwa hakuna anayenyimwa. Ni pale mfongo mmoja unapotazamwa na mashamba mawili ndipo mtu hujulikana. Hatuwezi kufanya maji yapite mahali pawili kwa saa moja. Twaweza lakini, kabla hatujafungua, kujiuliza maneno matatu: Naacha nini? Nani atakilipa nilichokiacha? Naye, alikuwapo tulipopatana?

Anayejiuliza hivyo atakosea mara nyingine, kama wale wa kale waliopima njia ya maji kwa jicho. Walipokosea waliyaona maji yamesimama, wakarudi nyuma hatua chache, wakachimba tena.